Ufa hauna wastani

Nimemaliza kusoma ripoti ya tathmini ya maji chini ya ardhi kwa handaki la mgodi ambalo halijachimbwa bado. Ramani za rangi, majedwali, kurasa kibao. Halafu hitimisho: upenyezaji wa mwamba, yaani urahisi wa maji kupita ndani yake, ni mdogo kwa wastani, kwa hiyo maji yatakayoingia handakini yatadhibitiwa kwa pampu za kawaida. Kwa wastani! Nikafunga kompyuta, nikatembea kidogo, nikarudi nikiwa bado na hasira.

Twende pale penyewe, kwenye shimo la uchunguzi, lile jembamba linalochorongwa ardhini kupima mwamba. Fundi anateremsha bomba lenye mipira miwili, anaivimbisha mpaka inabana kuta za shimo, kisha anasukuma maji katikati yake na kutazama mita: mwamba umemeza lita ngapi kwa dakika? Kipimo hiki tumeachiwa na mwanajiolojia wa Uswisi, Maurice Lugeon, tangu 1933. Lita 1 kwa dakika, kwa kila mita ya shimo, kwa presha ya bar 10, ndiyo Lugeon 1. Sasa pima vipande kumi vya shimo. Tisa havimezi kitu, mita imelala. Cha kumi kinasoma 60, pampu inalalamika. Jumlisha, gawanya, unapata 6. Namba ya upole kabisa, inakaa vizuri kwenye jedwali. Tatizo ni kwamba katika shimo zima hakuna hata mahali pamoja penye 6. Kuna mwamba mkavu, na kuna ufa. Handaki likifika kwenye ufa halitaulizia wastani.

Na huo ufa mmoja tungeupata kwa bahati, maana katika ripoti hii mashimo yote ya uchunguzi yamechorongwa wima. Katika miamba migumu, mipasuko mingi nayo husimama karibu wima. Shimo la wima linaweza kushuka mita mia kadhaa sambamba na mpasuko, hatua chache pembeni yake, lisiuguse kamwe; kisha ripoti inaandika kwamba mwamba ni mzima. Chorongeni kwa mshazari, jamani! Kateni njia ya handaki, hasa pale ramani ya jiolojia yenyewe imechora mstari wa mpasuko. Najua mshazari ni ghali na shimo hupenda kupinda. Sawa. Pampu za dharura ni bei rahisi?

Halafu wanavyohesabu, ni kana kwamba mwathirika pekee wa maji ni handaki. Norway, miaka ya 1990, wakati wa kuchimba handaki la reli la Romeriksporten, maji yalivujia chini mpaka kiziwa cha Puttjern kilichokuwa juu yake kikapungua. Sweden walianza handaki la Hallandsås 1992, maji yakawasumbua. 1997 kemikali ya kuzibia nyufa ikaingia kwenye vijito, ikaua samaki na kudhuru ng'ombe. Reli ilifunguliwa 2015. Na wachimba migodi wasijifanye hayo ni ya watu wa reli: Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein, Afrika Kusini, ardhi ilifunguka ikameza mtambo wa kusagia mawe na watu 29. Chini palikuwa na dolomaiti, mwamba wenye mapango, iliyokuwa imekaushwa kwa pampu ili mgodi uchimbike. Huko pampu zilifanya kazi yake vizuri tu.

Kuhusu vina vya maji visimani kupimwa msimu wa kiangazi peke yake, sitapoteza wino. Pimeni mwaka mzima, basi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hakuna atakayeuona kila ufa kabla ya kuchimba. Ndiyo maana wenye busara huchoronga mashimo ya kupima mbele ya uso wa handaki, ule ukuta unaochimbwa, kadiri wanavyosonga, na kusukuma saruji kwenye nyufa kabla hawajazifikia. Lakini hilo linahitaji bajeti, muda na mtu mwenye mamlaka ya kusema "simameni". Ripoti hii haina hata kimoja cha hivyo. Kwa mwamba mkavu kwa wastani, vya nini?

Na kiambatisho chenye vipimo vyenyewe, shimo kwa shimo, kipande kwa kipande, hakipo. Nimekiomba kwa maandishi. Nataka kuona ile 60 yao iko kina gani.