Testosteroni ya sindano: korodani zilindwe au ziachwe?

Ukipita jimu za Mwanjelwa siku hizi, testosteroni, homoni ya kiume, inazungumzwa kama vile ni vitamini. Wanaoitetea wana hoja: mwanamume ambaye mwili wake hautoi homoni ya kutosha hupungukiwa hamu na misuli, na tiba humrudishia. Sipingi, ili mradi amepimwa damu asubuhi, siku mbili tofauti.

Ila ubongo ukikuta testosteroni imejaa kwenye damu, haujali imetoka wapi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hupunguza LH na FSH, homoni zinazoziamuru korodani. Zikikosa amri, husinyaa na utengenezaji wa mbegu huporomoka. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume: miligramu 200 kwa wiki, na ndani ya miezi sita wengi hawakuwa na mbegu hata moja. Kwa hiyo kijana wa Uyole aliyeoa juzi anaweza kuwa amejifunga uzazi bila kujua, huku mkewe ndiye anayepelekwa kupimwa na kunyweshwa mizizi.

Watasema, “Utaacha, mbegu zitarudi.” Kwa sehemu ni kweli: katika majaribio ya aina hiyo, takriban theluthi mbili walirudi hali ya kawaida ndani ya miezi sita, asilimia 90 ndani ya mwaka, wengine miaka miwili. Lakini wale walikuwa wazima. Aliyeanza tiba kwa sababu korodani zake zilikwisha kuchoka asijilinganishe nao.

Njia nyingine, ya kuzilinda korodani, ni kuchoma hCG pamoja na testosteroni. Homoni hii ya ujauzito huiga LH, na dozi ndogo kila baada ya siku moja imeonekana kuziweka korodani kazini. Tatizo, tafiti zake ni za watu wachache, huongeza estrojeni hadi matiti yanaweza kuvimba, na ikishachanganywa inataka friji. Mzee wa Tukuyu mwenye wajukuu sioni kwa nini aingie gharama hiyo. Kijana anayetaka watoto, kwangu, asianze testosteroni kabisa kabla ya kupima mbegu na kumuuliza daktari kuhusu klomifeni, ambayo huuchochea ubongo wenyewe uiamuru pituitari itoe LH zaidi, ingawa si kila mtumiaji huona nafuu.

Na apime LH pia. Ikiwa iko juu na testosteroni iko chini, kama inavyoweza kumkuta aliyeharibiwa korodani na matubwitubwi, hCG haina cha kuamsha.