Bembea Tunazo, Kivuli Je?

Jumamosi mwanangu, miaka mitatu na miezi minne, alipanda ngazi za mtelezo mwenyewe kwenye bustani ya watoto hapa Dodoma, mara ya kwanza bila kushikwa. Akafika juu, akanipungia mkono, akakaa. Hakuteleza. Alipiga yowe ambalo bado liko masikioni mwangu, na jioni nyuma ya paja likatoka lengelenge. Bati tupu lililopigwa jua toka asubuhi, na ilikuwa saa saba mchana.

Mlinzi akaja taratibu. "Pole, mama. Hapa watoto huwa wanakuja saa kumi na moja, jua likipoa."

"Mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Pigeni hesabu wenyewe. Inafunguliwa saa tatu asubuhi. Saa tisa za kukaa wazi, moja ya kuchezeka.

Bustani yenyewe siitaji, maana nikitaja moja mtadhani nyingine zina nafuu. Ila pale palikuwa na miarobaini. Visiki viwili bado vipo, kando ya bembea kabisa, mtoto akijikwaa anaangukia pevingi. Yaani mtu alikata kivuli ili apate nafasi ya kuweka vyuma juani, akalipwa, na kazi ikapokelewa.

Kuna mjuzi atasema mtelezo ulielekezwa vibaya, ungegeuzwa tu. Huko mbali na ikweta hiyo inasaidia, jua lao la mchana linakaa upande mmoja mwaka mzima. Sisi Dodoma tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Juni jua linapita kaskazini, Desemba linapita kusini, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linasimama utosini, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Utaligeuza hilo bati mara ngapi? Na hiyo Oktoba ndiyo joto limepamba moto, mvua bado, mibuyu iko uchi. Hapa hakuna ujanja mwingine zaidi ya kuweka kitu juu, kati ya jua na chuma.

Haya, najua. Maji Dodoma ni ya mgao, mti hauoti kwa hotuba, na mche wa leo hautamfunika mwanangu kabla hajaanza darasa la kwanza. Nakubali. Lakini wakulima wa mboga wanafunika vitalu vyao kwa neti. Wakala wa pesa za simu ana mwavuli. Mama wa maandazi pale mtaani kwetu ana nguzo nne na turubai, na hakusubiri bajeti ya mwaka wa fedha. Mchicha umepata kivuli mji huu, mtoto bado!

Hapo sijagusa pevingi. Mchanga umejaa kwenye makorongo, malori yanausomba kila siku kwenda kujengea, sisi chini ya bembea tunapanga matofali ya zege. Ngazi zimepimwa kwa goti la mtu mzima. Choo kina kufuli na mwenye ufunguo "ametoka kidogo". Benchi la wazazi liko kule mwisho, chini ya mti pekee uliosalimika, kwa hiyo chagua: ukae kivulini au umwone mwanao.

Na msiniambie eti hawakujua. Siku ya uzinduzi tenti huwa zipo. Zinafungwa alfajiri, viti vinavalishwa vitambaa, mgeni rasmi anasoma hotuba huku kapoa, maji ya chupa mezani. Utepe ukishakatwa, tenti zinakunjwa na kupakiwa kwenye fuso. Jua la Dodoma wanalijua vizuri sana.

Mji huu tunajisifu kwamba umepangwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikapima viwanja mpaka ilipovunjwa 2017, halafu serikali ikahamia kweli na barabara zikawekwa taa. Bembea hizo miaka kumi iliyopita hata hazikuwepo, sawa, asanteni. Ila nani katika watu wote hao aliwahi kuuliza mtoto wa miaka mitatu atacheza saa ngapi?

Mama mkwe, Mgogo wa Bahi, nilipomsimulia alicheka mpaka akafuta macho. "Mnalipa kiingilio mkachomwe na jua? Jua si liko hapa uani bure?" Kisha akamfunga mjukuu mgongoni, akaenda naye kwa fundi baiskeli wa jirani. Pale kuna mwarobaini mkubwa na tairi la gari lililoning'inizwa kwa kamba. Chini ni mchanga mtupu, na vitoto vya mtaa mzima vinapanga foleni.

Nilienda kuwafuata jana. Giza limeshaingia, fundi anafunga vifaa vyake, na mtoto kang'ang'ania tairi anasema bado zamu moja.