Nililipa Shilingi 500 Kuwaona Wakikosea

Kichekesho kibaya kuliko vyote nilivyoviona mwaka huu katika tamasha la vichekesho vya papo kwa papo Kisumu kilichekwa sana, na kile kizuri kuliko vyote kilianza kwa kimya kirefu kilichomfanya mama aliyeketi mbele yangu aufunike uso wake kwa mkoba. Nimerudi Nakuru nikiwa na deni la usingizi, na tangu nirudi sijaacha kuwaza kuhusu vichekesho hivyo viwili, kwa kuwa naamini sisi mashabiki ndio tunaoamua ni kipi kati yavyo kitakachotawala jukwaani mwaka ujao.

Kwa asiyeijua sanaa ya vichekesho vya papo kwa papo, niseme kwamba waigizaji hupanda jukwaani bila mswada, bila mazoezi ya igizo lile na bila kujua watakuwa nani. Mfawidhi huiomba hadhira itaje mahali, kazi au uhusiano, na kutokana na neno hilo moja igizo huanza. Mizizi ya mtindo wa kisasa hutajwa kuwa Chicago, ambako Viola Spolin alibuni michezo ya kuwasaidia watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji, waigize bila woga. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ukumbi wa The Second City mnamo Desemba 1959. Kanuni inayofundishwa kila mahali ni rahisi kuitamka na ngumu kuitimiza: mwenzako akisema jambo, likubali, kisha uliongeze. Akikuita daktari, wewe ni daktari, hata kama ulikuwa umejiandaa kuwa mbuzi.

Ushabiki wangu haukuanzia Chicago wala kwenye televisheni. Ulianzia katika ukumbi wa Nakuru Players, nilipokuwa kidato cha tatu, siku tuliyopelekwa kutazama tamthilia teule iliyokuwa ikitahiniwa. Katikati ya onyesho mwigizaji wa mfalme alisahau maneno yake kabisa. Alisimama pale na joho lake la pazia, akatazama juu, akatazama chini, mpaka askari wake, ambaye kwenye kitabu hakuwa na hata sentensi moja, akamwambia kwa unyenyekevu, "Mtukufu, ukikosa usingizi huwa unasahau hata kutukaripia." Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu wetu wa fasihi, maskini, akaanza kufunua kurasa za kitabu kwa haraka akilitafuta jibu lile. Sijawahi kuisahau sura yake, wala furaha yangu ya kutambua kwamba tulikuwa tumeona kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Ndiyo maana mimi huondoka Nakuru kwa matatu ya alfajiri ili niliwahi onyesho la Ijumaa mchana, ambalo huwa na viti vingi kuliko watu. Safari ya kupitia Mau Summit na Kericho inachosha, nami sitaisimulia. Rafiki zangu huniuliza kwa nini nisiende Jumamosi usiku kama watu wengine, makundi mashuhuri yanapopanda. Jibu langu ni kwamba Ijumaa mchana ndipo makundi machanga hupewa nafasi, na kundi changa likikosea hukosea waziwazi, bila ujanja wa kuficha. Nililipa shilingi 500 kwa siku zote mbili, na nusu ya thamani yake niliipata kwa kuwaona watu wakikosea.

Sasa nije kwenye kile kichekesho kibaya. Jumamosi usiku ukumbi ulikuwa umejaa, na mfawidhi alipoomba kazi, mtu mmoja akasema "fundi wa saa". Ni pendekezo zuri sana, kwa sababu fundi wa saa anashughulika na muda, na muda wa watu wengine una siri nyingi. Mwigizaji wa kwanza akaingia, akajitia lafudhi ya kabila fulani, na watu wakacheka kabla hajasema lolote la maana. Wa pili akaingia na lafudhi ya kabila jingine, wakachekwa zaidi. Kwa dakika sita hapakuwa na fundi, hapakuwa na saa, hapakuwa na watu wawili wanaotaka jambo lolote kutoka kwa mwenzao. Palikuwa na matamshi tu, yale yale tuliyoyasikia tangu shule ya msingi tukichongoana nyuma ya darasa.

Najua nitajibiwa kwa jina la Mzee Ojwang'. Ni kweli kwamba marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza na aliyetuaga mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo katika kipindi cha televisheni cha Vitimbi, na alipendwa nchi nzima, ziwani na milimani. Lakini Ojwang' alikuwa mtu. Alikuwa na nyumba, alikuwa na mke, Mama Kayai, asiyemwonea haya, alikuwa na tamaa na hofu na visingizio vyake. Ukimwondolea lafudhi, angebaki na mengi ya kukuchekesha. Wale wawili wa Jumamosi, ukiwaondolea lafudhi, wangebaki wamesimama tu.

Zaidi ya hayo, lafudhi ya kukariri ni udanganyifu katika sanaa hii, kama mpishi anayekuahidi chakula cha moto kisha akakupashia kiporo. Hapa nitatoka nje ya ukumbi kidogo. Uingereza, hadi mwaka 1968, mchezo wa jukwaani ulipaswa kupitishwa na ofisi ya Lord Chamberlain kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na kwa hiyo igizo la papo kwa papo lilikuwa tatizo la kisheria, maana hakuna karani anayeweza kuyapitisha maneno ambayo bado hayajasemwa. Keith Johnstone, mwalimu wa sanaa hii aliyefanya kazi katika ukumbi wa Royal Court jijini London, aliyaita maonyesho yake madarasa ili aukwepe mtego huo. Baadaye alihamia Calgary, Kanada, na mnamo 1977 akaanzisha mashindano ya Theatresports, aliyoyabuni baada ya kuwaonea wivu watazamaji wa mieleka kwa kelele zao. Mwaka huo huo wa 1977, hapa kwetu, leseni ya mchezo wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilifutwa. Kwa hiyo maneno yasiyopitishwa na mtu yeyote ni mali ya thamani, na yamegharimu. Mwigizaji anayepanda jukwaani na mzaha ambao kila mmoja wetu ameshaupitisha moyoni kabla hajafumbua mdomo ameirudisha mali hiyo kwa karani kwa hiari yake.

Kile kizuri kilikuwa cha Ijumaa, mbele ya watu wasiofika hamsini. Hadhira ilikuwa imetoa maneno mawili, "mvuvi" na "gugumaji". Msichana mmoja akaketi akichambua mboga zisizoonekana. Kijana akaingia, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa na wazo lolote. Msichana akamuuliza, bila kuinua macho, "Baba Otieno, umeleta nini?" Kijana akaitazama mikono yake, ambayo ilikuwa mitupu, na hapo ndipo kimya kikaingia, kimya ambacho ungeweza kukisikia kikikohoa. Mwishowe akasema, "Nimeleta harufu."

Watu wakacheka, lakini msichana hakucheka. Aliinuka, akamnusa begani taratibu, akasema, "Hii ni ya mbuta. Sisi tulikubaliana omena." Tangu hapo igizo likawa kesi. Majirani wakaitwa waje wanuse. Ikabidi ajieleze: kama mashua ilikuwa imekwama kwenye gugumaji siku tatu, harufu ya mbuta aliitoa kwenye mashua ya nani, na huyo nani ana mke wa namna gani? Mwishoni mama alisonga ugali, akamketisha mumewe kando ya sufuria, na watoto wakala kwa kumnusa baba yao. Wengi wetu tulikulia hadithi ya Abunuwasi na yule maskini aliyedaiwa fedha kwa kula akinusa chakula cha tajiri, na nilisikia mnong'ono wa kuikumbuka ukipita ukumbini. Hawakuwa wameipanga. Walifikishwa huko na woga wa kijana mmoja na ukarimu wa mwenzake aliyekataa kumwokoa kwa mzaha rahisi.

Mzee aliyeketi kando yangu aliniambia kwamba kwao jambo hili si geni. Katika pakruok, desturi ya Wajaluo ya kujisifu hadharani, mtu humlipa mpiga nyatiti anyamazishe nyuzi ili yeye ajisifu papo hapo kwa maneno ya ufundi, na akisema jambo lililochakaa, waliohudhuria humwacha arudi kitini bila shangwe. "Fedha ametoa yeye, mwanangu," alisema, "lakini sikio ni letu." Nilimwonea haya kidogo, kwani miaka yangu ya kwanza ya ushabiki mimi ndiye niliyekuwa nikipaza majina ya wanasiasa kila mfawidhi alipoomba pendekezo, nikijua kwamba waigizaji wangetoa sauti za kuiga na sote tungecheka bila kazi. Siku hizi hutaja vitu vidogo: ufunguo uliopotea, shemeji, foleni ya maji. Na lafudhi zikianza, nanyamaza.

Jumapili, kabla ya kupanda matatu ya kurudi, nilienda Dunga kula samaki, na katika foleni mbele yangu alikuwa yule kijana wa Ijumaa. Nilimsalimu, nikamweleza jinsi jibu lake la harufu lilivyonifurahisha, nikamrudia sentensi yote pamoja na ule mkao wa mikono. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akakuna kichwa, kisha akaniuliza kama nina hakika alikuwa yeye.