Kuzima Kichujio cha Matangazo Si Suluhisho

Katika nyumba za hapa Mbeya zilizowekewa kichujio cha matangazo kwenye mtandao wa ndani, kurasa zikigoma kufunguka mara tu VPN ya kazini (njia iliyosimbwa inayounganisha kompyuta na mtandao wa ofisi) inapowashwa, lawama hutupiwa kichujio, nacho huzimwa. Nauona uamuzi huo kuwa wa haraka mno. Kabla ya kuzima chochote, mwenye nyumba anapaswa kujua ni seva ipi inayojibu maswali ya DNS ya kifaa chake kwa wakati huo.

DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, hupokea jina la tovuti na kurudisha anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha seva ya tovuti hiyo. Pi-hole na AdGuard Home, ambazo ni programu za kuchuja matangazo, hukaa hapo katikati: jina likiwa la seva ya matangazo, hurudisha anwani isiyokwenda popote, yaani 0.0.0.0, na tangazo halipakuliwi kabisa. Kwa familia inayonunua intaneti kwa bando, hiyo ni faida ya fedha, na ndiyo sababu nakitetea kichujio kwa nguvu.

VPN inapounganishwa, kwa kawaida hukipa kifaa seva yake ya DNS, hivyo maswali hupita kwenye njia iliyosimbwa bila kichujio kuyaona, na matangazo hurudi. Hali ya pili husumbua zaidi: kifaa kinaendelea kukiuliza kichujio kupitia anwani ya ndani kama 192.168.1.10, ilhali VPN imekwishafunga njia ya mtandao wa ndani, na jibu halifiki. Wakati mwingine jibu linafika, lakini kichujio hakizijui seva za ndani za ofisi. Ping, amri ya kupima kama mawasiliano yanafika, ikijibiwa na 1.1.1.1 (seva ya umma ya Cloudflare) huku kurasa hazifunguki, basi njia ni nzima na tatizo liko kwenye majina. Amri ya nslookup, ambayo hutafuta anwani ya jina na kutaja seva iliyoulizwa, ikiendeshwa VPN ikiwa imezimwa kisha ikiwa imewashwa, itaonyesha ni nani aliyeulizwa kila mara.

Kwa VPN ya kazini naunga mkono mgawanyo: majina ya ofisi yaende kwa DNS ya ofisi, mengine yote yabaki nyumbani. Mgawanyo huo ufanywe kwenye kompyuta yenye VPN, kwa sababu kichujio chenyewe hakiko ndani ya VPN na hakiwezi kuifikia seva ya ofisi hata kikielekezwa. Mwajiri asiporuhusu, kompyuta ya kazi iachwe ifuate DNS ya ofisi, na vifaa vingine vya nyumbani viendelee kulindwa. Kwa VPN ya mtu mwenyewe inayotumia programu ya WireGuard, anayetaka kuchujiwa matangazo hata akiwa Iringa au Makambako, inatosha kuandika anwani ya kichujio kwenye mstari wa DNS wa mipangilio yake na kuhakikisha anwani hiyo imo kati ya zinazoruhusiwa kupita.

Ushauri ninaoupinga waziwazi ni ule wa kuandika 8.8.8.8, seva ya DNS ya umma ya Google, kwenye ruta kama DNS ya pili, eti ya akiba. Vifaa vingi haviichukulii kama akiba. Huweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na matangazo hupita mara moja moja bila mpangilio unaoeleweka. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina DNS ya faragha inayopita mlango (port) wa 853, vivinjari vingine huuliza kupitia mlango wa 443, na ruta inaweza kutangaza DNS nyingine kupitia IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za intaneti. Yote haya huweza kukikwepa kichujio, hivyo yakaguliwe kabla ya kukilaumu.

Liko pia suala la saa, ambalo mafundi wengi hulipita. Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoweza kuendesha kichujio, katika toleo la 4 na yaliyolitangulia haina saa yenye betri, kwa hiyo umeme ukikatika wakati wa masika na kurudi baada ya muda, kifaa huamka kikiwa na saa ya nyuma. DNSSEC, kinga ya DNS ambayo hukagua muda wa sahihi za kidijitali zinazothibitisha majibu, huweza kukataa majibu halali. Na kifaa hakiwezi kurekebisha saa kwa sababu hata seva ya saa inatafutwa kwa jina. WireGuard iliyo kwenye kifaa hicho nayo hukwama, kwa kuwa upande wa pili hukataa salamu ya kuanzisha muunganisho yenye muda uliokwishapita. Iandikwe seva ya saa kwa anwani ya IP badala ya jina, au iongezwe moduli ya saa yenye betri.