Kinga kupanda si ngozi kupona

Kaa asubuhi moja kwenye chumba cha kufungia vidonda utamwona mgonjwa wa aina hii: mguuni ana kovu la kuungua moto miaka ishirini iliyopita, kovu ambalo halijawahi kupona sawasawa. Mwezi huu linafunga, mwezi ujao linafumuka. Safari hii bandeji ikitolewa, ukingo wa kidonda umenyanyuka, umekuwa mgumu, una vinundu kama koliflawa na unatoka damu ukiguswa tu na shashi. Huenda hilo si donda ndugu tena. Huenda ni saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, na hospitalini huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeandika habari za vidonda vya makovu mwaka 1828.

Naanza na mguu huo kwa sababu unaisumbua habari tunayouziwa kila siku kwenye chupa na vidonge, kwamba ukipandisha kinga, maradhi yanashuka. Kwenye kidonda kile kinga haikupungua. Seli zake zimejazana pale miaka yote hiyo, zikimwaga kemikali za kuua vijidudu pamoja na kemikali za kuhimiza nyama mpya iote. Za kwanza huharibu DNA, yaani chembe za urithi, ya seli za ngozi zilizo jirani. Za pili huisukuma seli iliyokwisha kuharibika izaliane. Joto, wekundu na uvimbe huo usiokoma ndio mchochota, na saratani huupenda.

Wanaoona kinga ni mlinzi tu hujibu kwa tarakimu moja: 65. Utafiti wa Norway uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba waliopandikizwa figo au moyo, ambao hunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae kiungo kipya, hupata saratani ya seli bapa kama mara 65 ya watu wengine. Ukiongeza dawa kama ipilimumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011 na ambayo huwatibu wagonjwa wa melanoma, saratani nyingine ya ngozi, kwa kuziondolea breki seli T, askari wa kinga wanaoshambulia saratani, mjadala unaonekana umefungwa.

Mimi tarakimu hiyo siipuuzi, ila naona inabebeshwa mzigo usio wake wote. Wengi wa wagonjwa wale walinywa azathioprini, na dawa hiyo, mbali na kushusha kinga, huifanya DNA ya ngozi iumizwe kirahisi na miale ya jua. Sasa katika hizo 65, ngapi ni za kinga kushuka na ngapi ni za dawa yenyewe? Halafu kuna jaribio lililochapishwa 2012: wagonjwa 120 waliopandikizwa figo na waliokwisha kupata saratani hiyo ya ngozi waligawanywa, wengine wakaendelea na dawa zao, wengine wakahamishiwa sirolimusi. Saratani mpya zilitokea kwa asilimia 39 ya waliobaki na dawa za zamani, na kwa asilimia 22 ya waliohamishwa. Sirolimusi nayo hushusha kinga! Kama jambo lingekuwa kinga kupanda na kushuka tu, tofauti hiyo ingetoka wapi?

Mwaka huohuo timu ya Michael Girardi wa Chuo Kikuu cha Yale ilitoa matokeo ambayo mpaka leo nikiyasoma nashangaa. Kwenye ngozi ya juu wanakaa walinzi waitwao seli za Langerhans, zenye matawi kama mizizi. Paul Langerhans aliziona mwaka 1868 akiwa mwanafunzi wa udaktari, akadhani ni seli za neva. Timu ya Yale ilichukua panya wasio na seli hizo, ikawapaka kemikali ya DMBA, ya jamii moja na sumu zilizomo kwenye moshi na lami. Panya hao karibu wote walinusurika na uvimbe wa saratani, ilhali wenzao wenye seli kamili waliupata. Sababu? Seli za Langerhans zilikuwa zikiichakata kemikali hiyo na kuigeuza kuwa sumu kali zaidi kwa DNA, zenyewe zikastahimili, jirani zake wakaumia. Usikimbilie kusema kikulacho ki nguoni mwako. Seli hizi hazikusaliti mtu, zilikuwa kazini.

Ni kweli, hao ni panya, na jua si DMBA. Na Girardi huyohuyo mwaka 2001 alionyesha kwamba panya waliokosa aina fulani ya seli T za ngozini walipata saratani zaidi. Ngozi moja, seli mbili za kinga, matokeo yanayopingana. Ndiyo maana neno “kuongeza kinga” halinielei: unaongeza ipi?

Mtu mwenye ualbino anayeshinda shambani hana upungufu wa kinga wa kujaziwa kwa kidonge. Amekosa melanini, rangi ya ngozi inayoikinga na jua, na kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua ndivyo vinavyomfaa. Na yule wa kovu la moto akatwe kipande kidogo cha nyama ukingoni mwa kidonda, kipelekwe maabara wiki hii. Kikirudi hakina saratani, apandikizwe ngozi ili kidonda kifunge, na zile seli za kinga zipate kuondoka.