Tundu Lisilojua Kukataa

Simu yangu ya zamani ilikuwa na adabu. Tundu la duara la hedifoni, tundu la chaji, na kila moja likijua mgeni wake. Ukikosea, unakataliwa hapo hapo. Hii mpya ina tundu moja tu, Taipu C, nalo halikatai mtu. Chomeka chochote, kichwa juu au kichwa chini, kinaingia teketeke. Ndani eti kuna pini 24, na hakuna hata moja yenye ujasiri wa kuniambia, "Mzee, umepotea njia."

Nilichotaka ni kidogo. Nipande gari la Mbagala, nichomeke hedifoni zangu za waya, nisikilize taarabu mpaka Rangi Tatu bila kumsikia konda. Basi.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa kwanza akaniuzia kamkia kafupi kwa elfu tatu: Taipu C huku, tundu la duara kule. Kwenye simu yake kanaimba kama kasuku. Kwenye yangu, kimya cha msibani. Kumbe vimkia hivi ni koo mbili zenye sura moja. Kuna vyenye kigeuzi ndani, vinavyopokea muziki kutoka kwenye simu ukiwa bado tarakimu na kuufanya sauti, na kuna vya waya mtupu, vinavyongoja simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kupikwa. Yangu haipiki. Nikamrudia kijana. "Mzee wangu, hiyo shida ya simu." Simu nayo ingekuwa na mdomo ingesema shida ni mimi.

Nikajikaza, nikanunua kigeuzi chenyewe, kikubwa kama kiberiti, kinachochomekwa waya wake pembeni. Waya haukuwemo kwenye boksi. Si neno, kwangu waya ni kama mende, nina droo nzima. Nikachukua uliokuja na feni ya kuchaji, Taipu C pande zote mbili. Taa ya kigeuzi ikawaka! Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Tukasikiliza wote wawili. Hola. Waya wa feni unabeba umeme tu, nyaya za data hazikuwekwa, feni ipokee data ya nini? Na kwa nje ungejuaje? Huwezi.

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo umenunua taa?"

Muuzaji wa tatu akanitolea waya uliosukwa kama nywele za bi harusi, ncha za dhahabu, elfu themanini na tano. Eti unaongeza besi. Besi inatoka wapi? Humo zinapita tarakimu! Muziki wa ubora wa CD unahitaji kama biti milioni 1.4 kwa sekunde, biti ndizo hizo tarakimu, sifuri na moja. USB 2.0, njia ya data ndani ya waya kama huu, ile ya mwaka 2000, kasi yake ni biti milioni 480. Ni bajaji moja kwenye barabara ya njia mia tatu, halafu unaniuzia lami ya dhahabu ili bajaji ifike imenenepa! Waya mbovu sauti hukatika au hukwaruza. Haipungui utamu kama soda iliyoachwa wazi. Nikachukua wa elfu nane, mfupi kama kidole. Nijaribie hapa hapa, ndipo nitoe hela. Ukaimba.

Jana nikapata siti ya dirishani. Fidla hizo, kinanda hicho. Hatujafika Mtongani, chaji asilimia nne: kigeuzi kinakula kwa simu. Nikatoa pawabenki, nikaigeuza simu huku na huku. Tundu ni lile moja, na lina mtu.

"Mzee wa waya," konda akasema, "nauli."