Neno la leo, neno la leo, halafu insha bado inakataa

Magrupu ya WhatsApp ya watu wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, yana kaugonjwa kamoja, kila asubuhi admini anatupia neno la leo, na neno lenyewe ni la kukunja ulimi, mara plethora, mara ubiquitous, watu wanajaza emoji za moto na "asante ticha". Jioni huyohuyo aliyeshukuru anaandika insha ina plethora ndani yake na mstari huohuo kaandika "make a research".

Kwangu mimi hayo maneno ya kutishia watu yangesubiri. Kinachotuangusha wengi ni maneno ya katikati, ambayo hayana mbwembwe yoyote.

Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, mwaka 2000 alitoa orodha ambayo naona kila mtu wa ung'eng'e angetakiwa awe nayo kwenye simu. Alichukua maandishi ya vyuo vikuu, maneno kama milioni 3.5, ya sheria, biashara, sayansi na sanaa, akayaweka pembeni yale 2,000 hivi ya kawaida ambayo Michael West alishayaorodhesha 1953, halafu akatafuta yanayojirudia kwenye fani zote. Zikabaki familia 570 tu (analyse na analysis ni familia moja). Hizo 570 zinabeba kama asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, yaani kwa wastani kila maneno kumi moja linatoka humo! Na ukizifungua unakuta assume, derive, consist, establish, hamna la kupigiwa makofi hata moja.

Sasa mfikirie dogo wa Tanzania aliyesoma msingi shule ya serikali kwa Kiswahili, kaingia form one, kila kitu kimegeuka kizungu. Photosynthesis atafundishwa vizuri tu kwa sababu ndio mada yenyewe, imeandikwa kwa wino mzito, ina mchoro. Ila ile "consists of" na "derived from" zilizoishikilia sentensi nzima hakuna anayezieleza, kila mtu anachukulia anazijua, kumbe hazijui, anakariri aya nzima kama ilivyo na pepa linapita. Miaka inaenda, anafika chuo bado hazijui.

Halafu kuna suala la neno linatembea na nani. Research wanasema conduct au do, sio make, huwezi kujipangia. IELTS kwenye kuandika wanapima vitu vinne vyenye uzito sawa, msamiati ni kimoja, na hapo mtahini anaangalia pia kama maneno yamekaa na wenzake wanaozoeana, sio umeyarusha mangapi. Kwa hiyo ukiandika neno kwenye daftari liandike na jirani zake, neno peke yake pembeni na maana yake ya Kiswahili halikusaidii sana ukija kuandika.

Na lazima usome jamani. Paul Nation, naye wa New Zealand, mwaka 2006 alikadiria kwamba kusoma magazeti na riwaya za Kiingereza bila kukwamakwama unahitaji familia kama 8,000 hadi 9,000, sasa kwa neno moja kwa siku piga mwenyewe, ni zaidi ya miaka ishirini. Soma unachopenda, kama wewe ni mtu wa mpira soma chambuzi za Premier League, usijilazimishe na The Economist kwa sababu tu jamaa fulani kakwambia ndio ya wasomi, utaiacha wiki ya pili.

Kadi za kukumbushia nazo nazikubali, iwe app ya Anki au makaratasi uliyokata mwenyewe, mradi unalirudia neno kesho, halafu baada ya siku kadhaa, halafu wiki kadhaa. Ila kwenye kadi weka sentensi uliyokutana nayo kweli, ya kutunga admini mwachie mwenyewe.